Ana Akili, Ana Bidii: Maneno Mawili Niliyoyagawa Vibaya

"Mama, mimi si wa akili, mimi ni wa bidii. Wa akili ni kaka."

Binti yangu alisema hivyo huku akifunga zipu ya mkoba wake, bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake. Alikuwa na miaka 11. Siku hiyo mwalimu wake alikuwa amemchagua aingie kwenye kikundi cha wanafunzi wanaobaki baada ya vipindi kufanya maswali magumu ya hesabu, naye akakataa. Nilimkumbusha kwamba alama zake zilikuwa juu kuliko za kaka yake alipokuwa darasa hilohilo. Akanitazama kwa subira, kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Lakini mimi nilisoma, Mama. Yeye hakusoma."

Nikakosa la kusema. Kwake yeye, alama iliyopatikana kwa kusoma haimhusu aliyeipata. Ni kama nguo ya kuazima. Nikakimbilia methali: akili ni nywele, kila mtu ana zake. "Ndiyo," akajibu, "na zangu ni fupi."

Nilicheka, halafu sikulala. Mimi ni mwalimu. Nafundisha watoto wa miaka 7 hadi 9, masomo yote, na nimekuwa nikijisifu moyoni kwamba darasani kwangu mvulana na msichana ni sawa. Imenichukua karibu miaka miwili kurekebisha kidogo nilichokiharibu, na njiani nimefanya makosa ambayo mzazi au mwalimu mwingine anaweza kuyakwepa. Ndiyo maana naandika.

Usiku ule nilitoa nakala za maoni niliyowahi kuandika kwenye ripoti za wanafunzi, nikazisoma mfululizo. Kusoma moja moja huoni kitu. Zikipangwa zote mezani zinaanza kuzungumza. "Ana akili sana, apunguze mchezo." "Ana kipaji, tatizo hajitumi." "Akitulia atafika mbali." Hao ni wavulana, na baadhi yao walikuwa wamefeli. Halafu wasichana: "Ana bidii na nidhamu." "Mwandiko safi." "Mtulivu, aendelee hivyohivyo." Msichana aliyeongoza darasa zima mwaka mmoja nilimwandikia kwamba ni mtiifu na anasaidia wenzake. Neno "mtulivu" nimelitumia mara nyingi mno, na hadi leo sijui nilidhani linamwambia mzazi nini kuhusu hesabu za sehemu.

Hakuna aliyenituma kuandika hivyo. Na kila maoni, ukiyachukua peke yake, ni ya upendo. Ubaya uko kwenye mgawanyo wake. Mvulana akifeli, nilisema hajitumi, maana yake akili ipo ndani imekaa inasubiri. Msichana akifaulu, nilisema amejituma, na hapo hapo nikanyamaza. Kwa hiyo akili ya mvulana hakuna mtihani unaoweza kuikanusha, na ya msichana hakuna mtihani unaoweza kuithibitisha. Binti yangu alikuwa ameisoma sarufi hiyo vizuri kuliko mimi niliyeiandika.

Baadaye nilitafuta kusoma. Utafiti ulionishtua zaidi ulichapishwa mwaka 2017 na Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian huko Marekani. Waliwasimulia watoto habari za mtu "mwenye akili sana sana" bila kutaja kama ni mwanamke au mwanamume, kisha wakawaonyesha picha wachague ni nani. Wenye miaka 5, wavulana walichagua wanaume, wasichana wakachagua wanawake. Wenye miaka 6 na 7, wasichana walikuwa wamepungua kuchagua watu wa jinsia yao. Wakapewa pia michezo miwili: mmoja ukaelezwa kuwa ni wa watoto wenye akili sana, mwingine wa watoto wanaojitahidi sana. Wasichana wa umri huo hawakuvutiwa na ule wa kwanza kama wavulana walivyovutiwa. Ule wa pili hawakuwa na tatizo nao. Na wasichana wa umri huohuo, walipoulizwa nani anapata alama nzuri shuleni, walisema wasichana.

Mimi nawapokea watoto wakiwa na miaka 7. Nilikuwa nikidhani napokea daftari tupu.

Sasa usidhani kaka yake alifaidika na mpango huu. Yeye tangu mdogo tulimwita kichwa. Alisoma mapema, alihesabu mapema, wageni wakija tunamwita aonyeshe. Hadi miaka 12 hakukutana na somo lililomkataa. Alipoanza aljebra, ikamkataa. Mtoto ambaye maisha yake yote ameambiwa ana akili hajui la kufanya siku akili isipotosha, kwa sababu hakuna aliyemfundisha hatua inayofuata. Alichofanya ni kuacha kabisa kufanya kazi za nyumbani. "Sijasoma hata ukurasa" ikawa salamu yake kwa wenzake kila asubuhi ya mtihani.

Usiku mmoja nikakuta mwanga chini ya shuka lake. Nikajiandaa kugomba kuhusu simu. Kumbe anasoma. Ana daftari na tochi, anarudia maswali yaleyale, jasho linamtoka. Asubuhi yake nikamsikia mlangoni akimwambia rafiki yake kwamba alilala mapema, saa mbili usiku. Huyo mtoto alikuwa anafanya kazi mbili: kusoma, na kuficha kwamba anasoma. Ukisoma wazi halafu ukafeli, umebaki na nini?

Mwezi uliofuata alinitajia kwamba amepata 64. Karatasi nilipoiona ilikuwa 46. Nilikasirika sana, nikamwita mwongo mbele ya mdogo wake, jambo ninalolijutia hadi sasa. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha jaribio ambalo ningekuwa nimelisoma wakati ule ningefunga mdomo. Watoto walifanya maswali mepesi, wengine wakasifiwa kwa akili, wengine kwa juhudi. Kisha wakapewa maswali magumu yaliyowashinda. Waliosifiwa kwa akili walikata tamaa upesi zaidi, wakafurahia kazi kidogo zaidi, na baadaye wakafanya vibaya hata kwenye maswali ya kiwango kile cha mwanzo. Walipotakiwa kuwaandikia watoto wengine wasiowajua jinsi walivyopata, karibu wanne kati ya kumi wa kundi hilo waliongeza alama zao. Watoto walidanganya watu ambao hawatawaona kamwe, kulinda sifa waliyopewa dakika chache zilizopita. Mwanangu alikuwa analinda sifa ya miaka kumi.

Hapo ndipo nilipoanza kurekebisha, na hapo ndipo makosa yenyewe yalipoanza.

Kosa la kwanza: nilibadilishana maneno. Binti nikaanza kumwambia una akili sana, kaka yake nikaanza kumsifia bidii. Nilidhani nasawazisha mizani. Binti aliniamini kwa wiki kama tatu, na katika wiki hizo akaacha kufanya maswali yenye nyota, yale ya mwisho wa sura. Zamani alikuwa akiyajaribu tu, akikosa anafuta. Sasa alikuwa na kitu cha kupoteza. Kaka yake naye, nilipomwambia "nimeona ulivyojitahidi", aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo siku hizi mimi ni wa bidii?" Alilisikia kama kushushwa cheo. Nami ndiye niliyevipanga hivyo vyeo.

Kosa la pili lilikula fedha. Nilimlipia kijana tuisheni muhula mzima bila kumuuliza. Mwalimu alikuwa mzuri, sina lawama naye. Lakini kwa kijana wangu, tuisheni ilikuwa hukumu iliyosainiwa: hata mama sasa anajua kwamba si kichwa. Alihudhuria kimwili. Fedha zile zingefanya mambo mengine mengi. Ikiwa mtoto wako ni wa aina hii, mazungumzo yatangulie malipo, na mwache yeye mwenyewe ataje ni mada gani imemshinda. Wangu alipokuja kuitaja, miezi saba baadaye, ilikuwa moja tu: kuhamisha namba hasi upande wa pili wa mlinganyo. Tulikaa nayo jioni mbili.

Kosa la tatu nalitaja haraka kwa sababu linachekesha. Nilibandika ukutani picha za wanawake wanasayansi. Binti akazitazama, akasema, "Hao ni hao." Sikuelewa wakati ule kwamba nilikuwa namwonyesha tena watu wa kichwa, ila wenye jinsia yake. Kilichomgusa kilikuja baadaye, nilipomsimulia habari moja ya Maryam Mirzakhani, Muirani ambaye mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields, moja ya tuzo kubwa kabisa za hisabati. Akiwa msichana, mwaka mmoja wa shule alifanya vibaya katika hesabu; mwalimu wake hakumwona kuwa na kipaji, naye akapoteza hamu na somo lenyewe. Mwaka uliofuata akapata mwalimu mwingine aliyemtia moyo, akainuka. Binti yangu aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo ule mwaka mbaya, alikuwa ni yuleyule?" Nikamwambia alikuwa ni yuleyule.

Kosa la nne nililifanya darasani, na ndilo linaloniuma zaidi. Nikitaka kuwapa wasichana moyo, nikawa nawaambia wavulana: tazameni wenzenu wasichana wanavyofanya vizuri, ninyi mna nini? Wasichana walitabasamu. Wavulana wawili waliokuwa nyuma kidogo kimasomo wakaacha kabisa kuinua mkono. Mwaka 2013 Bonny Hartley na Robbie Sutton wa Uingereza walikuwa wameshaeleza kitu hichohicho: watoto wa miaka 7 na 8 walipoambiwa kabla ya mtihani kwamba kwa kawaida wavulana hufanya vibaya kuliko wasichana, wavulana walifanya vibaya kweli. Katika jaribio jingine, watoto walipoambiwa kwamba wote wanatarajiwa kufanya sawa, wavulana walifanya vizuri zaidi. Ukimsifu msichana kwa kumtumia mvulana kama kipimo, umeandika sentensi mbili, na ya pili inamfikia mlengwa wake.

Halafu kuna kosa ambalo silihesabu kwa namba, kwa kuwa lilikuwa la kila siku. Nyumbani, mtoto akiniletea hesabu, nilisema: "Hizo ziliniacha zamani, muulize baba." Mimi, mwalimu ninayelipwa kufundisha hesabu pia, nikilisema kama utani. Sian Beilock na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba katika madarasa ya watoto wadogo yaliyofundishwa na wanawake, hofu ya mwalimu kuhusu hesabu iliwafikia wasichana. Mwisho wa mwaka, kadiri mwalimu alivyokuwa na hofu zaidi, ndivyo wasichana wake walivyoelekea kuamini kwamba hesabu ni za wavulana, na walioamini hivyo walipata alama za chini. Wavulana haikuwagusa. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Sikuwahi kumwambia msichana yeyote kwamba hesabu si zake. Nilikuwa nimewaambia tu kwamba si zangu.

Basi nini kilisaidia? Mambo machache, na hakuna lililokuwa na haraka.

La kwanza lilinijia kwa bahati. Nilianza kuwataka wanafunzi, na wanangu nyumbani, waandike pembeni mwa karatasi alama wanayotarajia: mara moja kabla ya mtihani, mara ya pili wakishamaliza. Karatasi ikirudi wanalinganisha wenyewe. Sisomi kwa sauti, simpi zawadi aliyekisia vizuri. Mwezi wa kwanza wavulana wengi walikisia juu na wasichana wengi walikisia chini, ingawa kulikuwa na msichana mmoja aliyejipa 100 kila mara kwa furaha kubwa, Mungu ambariki. Binti yangu alijikisia 60, akapata 78. Kaka yake alijikisia 80, akapata 61.

Lakini namba zenyewe si jambo kubwa. Jambo kubwa ni swali linalofuata, na ndilo pekee ninalouliza: nini kilikufanya udhani hivyo? Binti alisema, "Kulikuwa na maswali mawili sikuyajua, nikajua nimeanguka." Kaka yake alisema, "Maswali yote nilikuwa nimeshayaona." Nimeyawaza majibu hayo muda mrefu. Binti anapojipima huhesabu asichokijua, kilichobaki hakioni. Kijana huhesabu anachokitambua, na kukitambua swali si kulifanya, kama ambavyo kumjua mtu kwa sura si kujua jina lake. Kila mmoja ana mizani yake mbovu, na zimeharibika kwa pande tofauti. Kumwambia binti "jiamini" hakukusaidia chochote, kwa sababu yeye alijiona anahesabu kwa uaminifu. Kilichosaidia ni kumpa kalamu aweke alama ya tiki kwenye kila swali ambalo ana hakika nalo, kisha azihesabu tiki kabla hajakisia. Kijana nilimpa sharti la kinyume: funga daftari, lifanye swali kwenye karatasi tupu, ndipo useme unalijua. Alilichukia. Bado analichukia.

Ukijaribu hili, usitegemee mara moja au mbili. Kwangu makisio yalianza kukaribia ukweli baada ya mitihani kama sita, na kuna watoto ambao hayajakaribia.

La pili lilihitaji mwenzangu. Nilimwomba mwalimu jirani akae nyuma ya darasa langu vipindi viwili, ahesabu tu: nani ninamwita, na nasubiri muda gani kabla ya kumhamia mwingine. Nilikuwa na uhakika nagawa sawa. Sikugawa sawa. Mvulana akikosa nilimuuliza swali la pili, "fikiri tena, umefikaje hapo?" Msichana akikosa nilimwambia "sawa, kaa, usijali," nikamwita mwingine. Niliita huo ni upole. Mtoto anayeambiwa kaa kila anapokosa anaelewa kwamba mwalimu hatarajii zaidi. Tangu miaka ya 1970 Mary Budd Rowe alikuwa ameeleza kwamba walimu husubiri kiasi cha sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba kusubiri sekunde tatu hurefusha majibu na kuwafungua waliokuwa kimya. Sekunde tatu za ukimya mbele ya watoto 40 ni ndefu mno, jaribu uone. Mimi huzihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo.

La tatu ni ripoti. Sasa sitaruhusu kalamu yangu iandike "ana akili", wala "ana bidii", wala lile "mtulivu". Naandika alichofanya: "Huchora mchoro kabla ya kukokotoa, na mchoro humwokoa." "Hukimbilia jibu. Akiandika hatua hukosa mara chache." Inachukua muda mara mbili, na muhula wa kwanza nilichelewa kuwasilisha ripoti nikaitwa ofisini. Mzazi mmoja wa kiume alikuja kulalamika: anataka kujua mtoto wake ana akili au hana. Nilimweleza, akaondoka hajaridhika. Simlaumu, hata mimi ningetaka kujua.

Nyumbani nilianza kufanya hesabu mbele yao. Nilichukua kitabu cha kijana, nikaanza aljebra upya kutoka ukurasa wa kwanza, mezani, kila Jumapili jioni, nikikosa kwa sauti. Aibu niliyoisikia wiki za mwanzo sikuitegemea. Ni aibu ya miaka 30 iliyopita na ilikuwa imenisubiri palepale. Wiki ya tano kijana alivuta kiti, akaniambia, "Mama, hapo umesahau alama ya kutoa." Alinieleza kwa nini. Nilitambua kwamba alikuwa akielezea kitu ambacho yeye mwenyewe kilimtesa, na safari hii hakuficha kwamba kilimtesa.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimegundua dawa. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019 na David Yeager na wenzake, kwa wanafunzi wapatao 12,000 wa Marekani, liliwafundisha kwa muda usiofika saa moja kwamba uwezo wa akili unaweza kukuzwa. Waliokuwa na alama za chini walipanda, ila kwa kiasi kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya pointi kwenye wastani wao wa alama, ambao huko hupimwa kwa pointi kama nne, si kwa mia. Kidogo si bure, lakini anayekuuzia semina ya kubadilisha akili ya mtoto kwa wikiendi moja, mshukuru uende zako. Kijana wangu hadi sasa hapendi kuonekana na kitabu mbele ya wenzake. Na binti bado hajaingia kile kikundi cha maswali magumu, nimeacha kumuuliza.

Ila wiki iliyopita alirudi nyumbani amekunja uso, akatupa mkoba kitini. Nikajua kumekucha. Akanipa karatasi ya hesabu: 66. Pembeni, kwa mwandiko wake, alikuwa ameandika kisio lake: 75.

"Nilidhani nimefanya vizuri zaidi ya hapa," akasema kwa hasira, na akaanza kupekua kutafuta zile tisa zimekwenda wapi. Mimi nikageukia dirishani, asije akaona ninavyotabasamu.